Malaria hamna, homa imekata, vipele vimetoka: mtoto ana nini?

Swali la mama mmoja wa Tandika, Dar es Salaam, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo dokta. Mwanangu ana miaka 4, kilo 14. Homa ilianza Jumamosi, 39 na kitu, kichwa kinamuuma, macho mekundu, miguu inamuuma mpaka hataki kutembea. Jumapili tukapima malaria hamna, Jumatatu tena hamna, wakasema ana taifodi 1:80 na bakteria kidogo kwenye damu, akaanzishiwa sindano za seftriaksoni. Jana usiku (Jumanne) homa imekata, leo ana vipele vyekundu kifuani na mikononi, amelegea na kula hataki. Dokta mwingine kaangalia FBP (kipimo cha kuhesabu seli za damu) kasema ni virusi tu vya mbu. Sasa mbu gani dokta, analala kwenye neti tangu azaliwe! Na kama ni virusi mbona havipimwi na havina dawa? Nina mwingine wa miezi 5 ndani, naogopa."

Marahaba mama, pole sana. Kabla hujaendelea kusoma nenda kamwangalie mtoto kwanza, mambo manne tu. Mara ya mwisho kakojoa saa ngapi. Tumbo linamuuma, linamuuma kweli mpaka analia ukiligusa? Ametapika mara tatu au zaidi tangu jana? Na ukimminya ukucha mpaka uwe mweupe halafu ukauachia, damu inarudi ndani ya sekunde 2 au inachelewa na vidole ni vya baridi? Kama hajakojoa masaa sita, au lolote kati ya hayo mengine lipo, au anatoka damu puani au kwenye fizi, au amelala tu humwamshi vizuri, funga simu umpeleke hospitali sasa hivi, haya mengine utayasoma kwenye foleni. Kama kakojoa, anakujibu ukimuita na anakunywa hata kwa kulazimisha, basi kaa tuongee.

Sababu ya kukuharakisha ni kwamba homa imekata jana. Najua mzazi homa ikikata anapumua, anasema afadhali. Kwa homa nyingi ni afadhali kweli. Ila kwa dengi, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, ambayo kwa mtoto wa Dar mwenye hizo dalili mimi naiweka ya kwanza kabisa kwenye orodha, hatari yenyewe kama ipo inakuja pale homa inaposhuka, kuanzia siku ya tatu mpaka ya saba, na dirisha lenyewe ni masaa 24 mpaka 48 hivi. Wako yuko siku ya tano na homa imeshuka jana, kwa hiyo leo na kesho ndo siku za kumkodolea macho. Kinachotokea ni kwamba kwa wachache mishipa midogo ya damu inaanza kuvujisha maji, kama mtungi wa udongo unavyotoa jasho, maji yanaondoka kwenye damu yanakwenda tumboni na kifuani, damu inabaki nzito, presha inashuka, na mtoto anapoa mikono na miguu na wewe unadhani anapoa kwa sababu amepona. Wengi hawafiki huko, nasisitiza, wengi kabisa wanapita hizo siku mbili wakiwa wamechoka tu halafu wanaamka siku moja wanadai chipsi. Lakini huwezi kujua wako yuko kundi gani bila kumwangalia.

Sasa turudi mwanzo, malaria hamna.

Hapa kwetu tumezoea homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na malaria ikikosekana basi lazima itafutwe "taifodi" au "UTI" au "bakteria kwenye damu" ili mzazi asiondoke mikono mitupu. Kuna utafiti ulifanyika Dar na Ifakara mwaka 2008 ukachapishwa 2014, walichukua watoto 1,005 wenye homa waliokuja kutibiwa na kurudi nyumbani, wakawapima kila kitu kinachopimika. Malaria ilikuwa kwa kama asilimia 10 na nusu tu ya watoto hao. Taifodi asilimia 3.7, UTI 5.9. Zaidi ya nusu ilikuwa ni mafua na magonjwa ya njia ya hewa, na ukiwachukua watoto wote kwa pamoja, asilimia 70 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Kule Moshi nako, watu wazima na watoto waliolazwa na homa, asilimia 60 waliandikiwa malaria wakati waliokuwa nayo kweli ni asilimia 1.6, na kwenye hao hao walipopima chikungunya, homa nyingine ya virusi vya mbu, wakaikuta kwa karibu watu 8 kati ya kila 100 waliopimwa. Kwa hiyo majibu ya malaria kuwa hasi mara mbili sio kwamba kipimo kibovu, kimefanya kazi yake. Kama homa ingerudi tena ningekwambia pima mara ya tatu, hilo halina ubishi, malaria haichezewi.

Hiyo taifodi ya 1:80 ndo inaniudhi, sio wewe mama, namaanisha kile kipimo. Kinachopimwa pale ni kinga ya mwili, sio mdudu mwenyewe, na watu wengi tu wazima wenye afya ukiwapima leo utawakuta na 1:80, maana mwili ulishakutana na vidudu vinavyofanana na hivyo zamani. Taifodi inathibitishwa kwa kuotesha damu maabara, wanaita kalcha, inachukua siku kadhaa. Na "bakteria kidogo kwenye damu" ukiisikia kwenye kipimo cha dakika kumi usiiamini, bakteria wa kwenye damu hawaonekani hivyo, na mtoto mwenye bakteria kwenye damu kweli hayuko "kidogo", ni mgonjwa taabani. UTI ipo kweli kwa watoto, hasa wadogo chini ya miaka miwili, ila mkojo uchukuliwe vizuri, sio uliokaa kwenye poti tangu asubuhi.

Tuje kwenye FBP uliyonitumia. Seli nyeupe 3.1, iko chini kwa mtoto wa umri huo. Chembe sahani, wanazoziita platileti, 118, kawaida zianzie 150. HCT, yaani sehemu ya damu ambayo ni seli nyekundu, 35, hiyo ni ya kawaida. Picha hiyo, seli nyeupe chini na platileti chini, pamoja na homa kali ya ghafla, macho mekundu, miguu kuuma na vipele vinavyotoka homa ikishuka, ndo picha ambayo daktari yeyote aliyekuwepo Dar kwenye milipuko ya dengi ya mwaka 2014 au 2019 ataitambua. 2019 tu wagonjwa waliothibitishwa walizidi elfu 6, wengi Dar, na kilele kilikuwa kipindi cha masika. Bakteria mara nyingi hupandisha seli nyeupe. Mara nyingi, sijasema mara zote, ndo maana daktari bado anatakiwa amguse mtoto, asitibu karatasi. Na usianze kuzungumzia kuongezewa platileti, 118 haiogopeshi hata kidogo, mimi naangalia HCT zaidi, ikipanda kutoka 35 kwenda 42 hapo najua maji yanavuja.

Sio lazima iwe dengi. Chikungunya nayo inafanana sana, na ni ya kwetu kabisa, iligunduliwa huku kusini, upande wa Newala, kwenye mlipuko wa 1952 na 1953. Mwaka 2004 ikaibuka Lamu ikapiga kisiwa kizima, baadae walipopima damu za watu wakakuta kama robo tatu ya wakazi walishaambukizwa, ikashuka Mombasa, 2005 ikawa Komoro na Réunion. Hii inapenda viungo, mtoto anakataa kukanyaga chini, mkubwa anatembea kama bibi kizee, ila platileti hazishuki sana kama kwenye dengi. Kuna na o'nyong-nyong iliyoanzia Uganda 1959 ikazunguka Afrika Mashariki mpaka watu kama milioni 2 wakaugua, halafu ikarudi tena Uganda 1996. Zika na yenyewe ilitoka kwenye msitu karibu na Entebbe mwaka 1947, na West Nile 1937, hukohuko Uganda. Yaani hivi virusi sio vitu vya kuletwa na wageni, tumeishi navyo siku zote vikiitwa malaria sugu au "homa tu". Na kwa watoto mara nyingi vinapita kimyakimya, dengi yenyewe inakadiriwa kuambukiza watu milioni 390 kwa mwaka duniani na wanaoonyesha dalili ni kama milioni 96. Mtoto anaweza kuugua siku tatu, vipele vikatoka, mama akasema surua ya mtaa, ikaisha hapo.

Mbona havipimwi? Dengi inapimika. Kuna kipimo cha haraka kinaitwa NS1, hicho kinanasa kirusi siku za mwanzo, vizuri zaidi siku ya kwanza mpaka ya tano, baada ya hapo unategemea IgM, ambayo ni kinga inayoanza kuonekana kuanzia kama siku ya tano. Shida hakipo kila zahanati na kikiwepo unalipia, na daktari anajiuliza majibu yatabadilisha nini. Jibu lake ni kwamba dawa hayabadilishi, ila yanabadilisha uangalizi, na yanamuokoa mtoto na sindano zisizo na kazi. Kwa wako leo bado unaweza ukapima NS1 na IgM kwa pamoja kama hela ipo. Kama haipo usikope, hela hiyo bora iende kwenye FBP ya kurudia kesho asubuhi.

Dawa sasa. Hakuna dawa inayoua kirusi cha dengi wala chikungunya, kwa hiyo seftriaksoni, azuma, ampiklox na ndugu zao wote hawafanyi kitu hapa zaidi ya kumharisha. Sindano zilizobaki usiziache mwenyewe kimyakimya, rudi na karatasi zako mbili, ya malaria na FBP, muulize daktari anayemtibu swali moja la wazi, "ni bakteria gani unamtibu na yuko wapi?" Akikuonyesha kifua, sikio, mkojo au kalcha, endelea na sindano umalize dozi. Akikosa pa kuonyesha, mwombe aangalie upya.

Homa ikirudi au maumivu yakizidi mpe paracetamol peke yake. Kwa kilo 14 ni miligramu 140 mpaka 210 kwa mara moja, dawa nyingi za maji za hapa zina miligramu 120 kwa kila mililita 5 (soma chupa yako, zinatofautiana), kwa hiyo mililita 6 mpaka 8 zinatosha, iachane masaa sita, isizidi mara nne kwa siku. Diklopa, brufeni, aspirini, weka mbali kabisa mpaka huu ugonjwa uishe na platileti zirudi, maana zinaongeza uwezekano wa kutoka damu, na watu wa famasi wanazigawa kama peremende mtu akisema viungo vinauma. Usimuogeshe maji ya baridi sana wala barafu, nguo nyepesi na kitambaa cha maji ya kawaida vinatosha.

Na maji. Hii ndo dawa yenyewe na ndo inadharauliwa kwa sababu haina bei. Mtoto wa kilo 14 anahitaji kama lita moja na robo kwa siku nzima, ukijumlisha kila kitu, uji mwepesi, dafu, ORS, supu, juisi ya embe uliyoipunguza sukari. Usimpe kikombe kizima, atakitapika, mpe kijiko kila dakika mbili tatu huku anaangalia katuni. ORS pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, sio nusu lita, na ikipita siku moja mwaga tengeneza nyingine. Kula asilazimishwe sana, chakula kitarudi chenyewe. Andika kwenye karatasi au kwenye simu kila anapokojoa na saa yake, hiyo karatasi daktari atakushukuru nayo kuliko maelezo mengine yote. Dripu kama anakunywa haina haja, na kwenye dengi ikiwekwa nyingi bila hesabu yale maji yanayovuja yanajaa kifuani, mtoto anaanza kuhema. Najua mtaani dripu ndo inaonekana matibabu kamili.

Majani ya mpapai utaambiwa, najua tayari umeambiwa. Yale maji ni machungu, mtoto aliyelegea ukimlazimisha anatapika, na kutapika kwa leo ndo kitu cha mwisho ninachokitaka. Platileti zitapanda zenyewe ndani ya siku chache, akinywa mpapai au asinywe.

Neti. Hujakosea kitu, endelea nayo. Ila mbu wa dengi na chikungunya ni Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana, sana sana asubuhi baada ya jua kutoka na jioni kabla halijazama, anapenda vifundo vya miguu, na ana tabia ya kudokoa, anauma mtu huyu kidogo, akifukuzwa anaenda kwa mwingine, ndo maana nyumba moja wanaugua watatu kwa wiki moja. Saa hizo mtoto wako yuko chekecheani au uani anacheza. O'nyong-nyong ndo tofauti, yenyewe inabebwa na Anopheles, mbu yuleyule wa malaria wa usiku, kwa hiyo neti inafanya kazi mbili.

Huyu Aedes hatoki kwenye mfereji mchafu unaonuka, anataka maji masafi yaliyotulia, na sisi kwa mgao wa maji tumemjengea nyumba ndani. Angalia pipa lako la bluu leo hii. Mayai anayabandika ukutani mwa pipa, juu kidogo ya pale maji yanapoishia, madogo meusi kama unga wa kahawa, na yakikauka hayafi, yanakaa hivyo miezi, ukijaza tena maji yakayafikia yanaanguliwa, na kutoka yai mpaka mbu anayeruka kwenye joto la Dar ni kama wiki moja na kidogo. Kwa hiyo kumwaga maji tu haitoshi, sugua ule ukuta kwa brashi na sabuni kila wiki, kisha funika na mfuniko unaobana, sio kipande cha bati kilichopinda. Ndoo, matairi, vifuu, sahani ya chini ya ua, trei ya nyuma ya friji (hii wengi hawaijui kabisa), vyote. Na uongee na mwalimu wa chekechea waangalie matairi waliyopaka rangi wakapanda kiwanjani, yanapendeza na yanazalisha.

Mdogo wa miezi 5. Hawezi kuambukizwa kwa kumgusa kaka yake, kulala naye wala kunyonya ziwa moja la mama ukiwa mzima. Njia ni mbu, anamuuma mgonjwa kwenye zile siku za homa anabeba kirusi, kinakaa kwake siku 8 mpaka 12 ndo anaanza kuambukiza wengine. Kwa hiyo mgonjwa akae kwenye neti hata mchana mpaka wiki ya homa iishe, na wewe tegemea kwamba kama mbu wa ndani amechukua, homa nyingine nyumbani itaonekana wiki mbili mpaka tatu kuanzia sasa. Wa miezi 5 akipata joto kuanzia 38 usianze na dawa ya dukani, mpeleke siku hiyohiyo, mtoto mchanga hana akiba ya maji na hawezi kukwambia tumbo linauma. Jirani zako wenye vichanga vya chini ya miezi mitatu waambie kwao homa yoyote ni hospitali moja kwa moja, hata usiku, usisubiri kuche.

Vipele vya wako vitaanza kumuwasha kesho au keshokutwa, mikononi na miguuni, ngozi nyekundu na katikati madoadoa ya rangi yake ya kawaida, usishtuke, hiyo ni dalili ya kupona, losheni ya kalamaini inatosha. Uchovu unaweza kuvuta wiki nzima na zaidi, na kama ilikuwa chikungunya viungo vinaweza kuchelewa, japo watoto wanapona haraka kuliko sisi. Homa ikifika siku saba bado ipo, hapo tunaanza upya, kalcha, mkojo, kifua, mpaka TB. Chekechea arudi akiwa anakula, anacheza, na FBP ya kurudia inaonyesha platileti zinapanda.

Hiyo FBP ya leo ibandike kwenye kadi yake ya kliniki na uandike juu "ilidhaniwa dengi" na mwezi na mwaka, kama utapima andika na majibu. Dengi ina aina nne, akiugua aina moja anapata kinga ya hiyo moja kwa muda mrefu lakini zile tatu bado, na mara ya pili ikiwa aina nyingine uwezekano wa kuwa kali unaongezeka kidogo, kwa hiyo siku akipata homa kama hii tena baada ya mwaka au mitano, daktari atakayekuwepo anatakiwa aione hiyo karatasi. Kesho asubuhi nitumie FBP mpya pamoja na ile orodha ya mikojo, anza na HCT.